SOMO LETU: KWA NINI JERAHA LA MCHIKICHI HALIFUNGI



Katika mkutano wetu mmoja wa Gatete, mwenzetu mkwezi alisimama akauliza swali ambalo halikuwa katika ajenda. Alisema: "Nyumbani kwangu nina mwembe. Zamani niliupiga panga, ukabaki na kovu refu. Leo kovu limejifunga, hata ukucha hauingii. Lakini michikichi ya kazini, kila alama ya panga niliyoikuta siku ya kwanza bado iko vile vile. Kwa nini mti mmoja unafunga jeraha na mwingine haufungi?"

Baadhi ya watu walicheka. Walidhani ni swali la kupoteza wakati, kwa kuwa tulikuja kuzungumza habari za mishahara na ajali. Sisi hatukucheka, maana swali hilo hilo liliwahi kutusaidia kumtetea mwenzetu aliyeanguka, kama tutakavyoeleza mbele. Kwa hiyo tumeona lifae kuwa somo la toleo hili.

Tuseme ukweli: sisi tunaoandika ukurasa huu tumeishia darasa la sita. Tuliyoandika hapa tumeyapata kwa kuwauliza mabwana shamba na walimu, na zaidi kwa kukata na kutazama kwa macho yetu. Mfanyakazi mwenye panga na macho ana nusu ya shule tayari.

1. TUANZE NA BUA LA MHINDI NA MTI WA MUHOGO

Kabla ya kwenda kwenye mchikichi, chukua vitu viwili vilivyo karibu na kila nyumba: bua bichi la mhindi, na mti wa muhogo uliokomaa. Vikate vyote viwili kwa kisu kikali, kukingama, kisha tazama pale palipokatwa.

Kwenye muhogo utaona mpango. Katikati kuna kiini laini, cheupe. Kukizunguka kiini kuna pete ya ubao mgumu. Nje ya ubao kuna gome. Ukilivuta gome kwa kidole linabanduka, na mahali lilipobanduka pana utelezi. Kumbuka utelezi huo, tutaurudia.

Sasa tazama bua la mhindi. Hakuna pete wala gome la kubandua. Unaona vidoa vidogo vidogo vilivyotapakaa kila mahali, vikiwa vingi zaidi karibu na ukingo. Livunje bua pole pole, na vile vidoa vitatoka kama nyuzi ndefu. Kila uzi ni fungu la mishipa. Sehemu moja ya fungu hupandisha maji kutoka kwenye mizizi, na sehemu nyingine husafirisha chakula kutoka kwenye majani. Ukitaka kuhakikisha, simamisha bua bichi katika maji yenye wino mwekundu tangu asubuhi hadi jioni, kisha likate. Vidoa vitakuwa vyekundu.

Haya, nenda sasa kwenye kisiki cha mchikichi uliokatwa. Utaona nini? Vidoa, maelfu ya vidoa, vilivyosongamana ukingoni na kuachana katikati. Hakuna pete, wala gome la kubandua. Kwa umbo la ndani, mchikichi ni ndugu wa mhindi na si ndugu wa mwembe. Urefu wake unatudanganya tukauweka kundi moja na miembe na mikaratusi.

Hata mbegu zinasema hivyo. Harage likiota hutoka na majani mawili ya kwanza yaliyotoka ndani ya mbegu yenyewe. Hivyo hivyo mwembe na mbuni zina majani-mbegu mawili. Mhindi una moja tu, na mchikichi, mnazi, mgomba, mwanzi na muwa ni vivyo hivyo. Hii ndiyo koo mbili tutakazozisema: koo ya majani-mbegu mawili, na koo ya jani-mbegu moja.

2. TABAKA MOJA LINALOFANYA KAZI YOTE

Turudi kwenye ule utelezi chini ya gome la muhogo. Hapo kuna tabaka jembamba sana la chembe hai, ambalo wataalamu huliita kambiamu. Ni jembamba kuliko karatasi, lakini ndilo linalounenepesha mti. Upande wa ndani huzaa ubao, na upande wa nje huzaa gome lenye mishipa ya chakula. Linafanya kazi hiyo maisha yote ya mti. Mwembe uliokuwa na unene wa kidole unakuwa na unene wa pipa, na kazi yote hiyo ni ya tabaka hilo.

Ukiupiga mwembe panga, chembe zilizokatwa hazifufuki. Ule ubao uliojeruhiwa hauponi kama ngozi ya mtu. Linalofanyika ni hili: kambiamu iliyobaki hai pembeni mwa jeraha huzaa ubao mpya na gome jipya, na midomo ya jeraha husogeleana mwaka hadi mwaka mpaka ikakutana. Jeraha limefunikwa, likazikwa ndani. Ndiyo maana msumari uliopigiliwa kwenye mwembe kwa ajili ya kutundika taa humezwa na mti baada ya miaka.

Kazi nyingi za mashambani zinategemea tabaka hilo. Wenzetu wa kahawa hukata mbuni uliozeeka karibu na ardhi, na kisiki hutoa machipukizi mapya. Wenzetu wa chai, wa Tora, Teza na Rwegura, hupogoa michai kila baada ya miaka michache, na michai haifi. Wachoma makaa nao wanajua kwamba miombo ya milima iliyo nyuma ya Rumonge huchipua tena kwenye visiki. Mimea yote hiyo ni ya koo ya majani-mbegu mawili: ina kambiamu, na ina macho yaliyolala kwenye shina yakingoja zamu yao.

3. MCHIKICHI HUJENGWA NAMNA NYINGINE

Mchikichi hauna kambiamu. Basi umewezaje kuwa mnene?

Jibu ni kwamba hunenepa kwanza, kisha hurefuka. Mche uliopandwa shambani hukaa kama miaka 3 ukipanua kitako chake chini bila kupanda juu. Wengi mmeona: makuti yanazidi kuwa makubwa, lakini shina halionekani. Wakati huo mti unajenga msingi. Unene ukishatosha, ndipo shina huanza kupanda, kati ya sentimita 30 na 60 kwa mwaka, na tangu hapo halinenepi tena kwa kuongeza ubao.

Fananisha na ujenzi. Mwembe ni kama nyumba ya mtu anayeongeza chumba kila akipata pesa. Mchikichi ni kama bomba la moshi la kiwanda, linaloanzwa kwa upana wake kamili, kisha tofali juu ya tofali mpaka juu. Ukilitoboa bomba hilo, tundu linabaki. Hakuna fundi anayerudi chini kuliziba.

Na fundi wa mchikichi ni mmoja tu. Yuko juu kabisa, katikati ya makuti, mahali tunapopaita moyo. Kila kuti, kila mkungu na kila sentimita ya shina imetoka hapo. Mchikichi uliokomaa hutoa makuti kati ya 20 na 25 kwa mwaka, na kwenye kwapa la kila kuti kuna chanzo cha shada moja la maua, liwe la kiume au la kike. La kike ndilo mkungu wa kesho. Ukiukata moyo, mti wote umekufa, hata kama shina lina mita 10 na mizizi ni mizima. Hakuna jicho lingine lililolala.

Tena chembe za ndani ya shina la mchikichi hazifi mapema kama zile za ubao wa mwembe. Nyingi zinabaki hai kwa maisha yote ya mti, hata zile za chini kabisa. Nyuzi za ukingoni huendelea kukaza kuta zao mwaka hadi mwaka, kwa hiyo sehemu ya chini na ya nje ya shina ndiyo ngumu kuliko zote. Ya katikati ni laini, imejaa maji. Kila aliyepasua mchikichi kwa shoka anajua kwamba shoka hurudi kwenye ukingo, lakini ikifika katikati huzama.

Kumbuka jambo hili, maana ndilo la hatari: nguvu ya mchikichi iko nje. Panga linalochonga nje linakata nguzo yenyewe.

Wataalamu walisumbuka muda mrefu kuelewa jinsi maelfu ya nyuzi hizo zinavyopita bila kufungamana ovyo. Mwaka 1965 Martin Zimmermann na Barry Tomlinson walitoa matokeo ya kazi yao juu ya mti mdogo wa jamii ya michikichi uitwao Rhapis. Walikata shina lake vipande vyembamba, kimoja baada ya kingine, wakapiga picha ya kila kipande, kisha wakaziendesha picha kama sinema. Ndipo walipoona uzi ukisafiri: huanzia karibu na ukingo, huingia pole pole katikati, kisha hujipinda ghafla kwenda nje na kuingia kwenye jani. Lakini kabla ya kutoka huacha tawi linaloendelea kupanda juu, na nyuzi za jirani huungana kwa viungo vidogo. Kwa hiyo uzi mmoja ukikatika, maji yana njia nyingine. Kumbe mti usioweza kutengeneza bomba jipya umejiwekea njia za akiba tangu mwanzo.

4. HABARI YA KALE YA UBAO

Sasa mtu atauliza: kwa nini koo moja ina kambiamu na nyingine haina? Nani aliinyima?

Hapa inabidi turudi nyuma sana. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza ubao wa kale kuliko wote uliojulikana hadi wakati huo, uliogeuka jiwe, kutoka Ufaransa na Kanada. Ule mkongwe una umri wa miaka milioni 407 hivi. Jambo la kushangaza ni kwamba haukutoka kwenye mti. Ulitoka kwenye mimea midogo, yenye vishina vya milimita chache tu. Mimea hiyo haikuhitaji ubao ili isimame. Ubao ulianza kama mabomba ya kupitishia maji. Ulipokwisha kuwapo, vizazi vya baadaye viliutumia kusimama na kushindania jua, na hivyo ikaja miti mirefu. Katika historia ya viumbe kitu mara nyingi huanza kwa kazi moja, kisha hupewa kazi nyingine.

Mimea yenye kutoa maua ilikuja baadaye sana. Mabaki yake yanayotambulika vizuri yana umri wa miaka milioni 130 hivi. Mababu zake walikuwa na kambiamu. Koo ya jani-mbegu moja ilitoka humo mapema, na ndiyo iliyoipoteza. Wataalamu wengi wanafikiri kwamba mababu wa koo hiyo waliishi majini au kwenye vinamasi, wakiwa mimea laini isiyohitaji ubao. Mali isiyotumika hupotea. Mtoto wa fundi asiyeshika randa, mjukuu wake hataijua.

Baadaye watoto wa koo hiyo walitoka kwenye vinamasi wakataka kuwa miti tena. Lakini kambiamu ya babu haikurudi. Kila mmoja alitafuta njia yake. Mgomba ulijitengenezea shina la uongo: unachokikata unapovuna ndizi ni vitako vya majani vilivyofungana, na shina lenyewe liko chini ya ardhi. Mwanzi hutoka ardhini ukiwa na unene wake wote, kisha hurefuka. Mchikichi na mnazi zilishika njia ya kunenepa kwanza na kurefuka baadaye. Na masale, mmea ambao Wachaga wa Kilimanjaro huupanda mipakani mwa mashamba, ni wa jamii iliyobuni tabaka jipya la kunenepesha shina. Si kambiamu ya mababu. Mafungu ya mishipa linayozaa bado yamekaa moja moja, na ubao wake si pete moja kama wa mwembe.

Hili ndilo fundisho la shina: ukilikata unasoma nasaba. Miti miwili inaweza kufanana kwa urefu na kivuli, lakini ndani moja ikasema "mimi ni mtoto wa mwembe" na nyingine ikasema "mimi ni mtoto wa nyasi wa mbali". Urefu unaweza kupatikana upya mara nyingi. Mpango wa ndani haudanganyi kwa urahisi.

5. MABOMBA, KAMA YA KIWANDANI

Wenzetu wa kiwandani watapenda sehemu hii, maana wao wanajua mabomba.

Miti isiyotoa maua, kama misonobari, hupitisha maji katika vijibomba vyembamba vilivyozibwa ncha. Maji hupenya kutoka kimoja hadi kingine kwa vitundu vya pembeni. Mimea mingi yenye maua ina mabomba bora zaidi: vijibomba vilivyotoboka ncha, vikapangwa kimoja juu ya kingine, vikawa bomba refu na pana. Mwaka 1918 Irving Bailey na mwenzake Tupper walipima vijibomba vya aina nyingi za miti, wakaonyesha kwamba vinazidi kuwa vifupi kadiri unavyotoka kwenye misonobari kwenda kwenye miti yenye mabomba yaliyoendelea zaidi.

Upana una faida kubwa kuliko tunavyodhani. Bomba lenye upana mara 2 halipitishi maji mara 2. Kwa nguvu ile ile ya kuvuta, hupitisha mara 16. Kwa hiyo mmea wenye mabomba mapana unaweza kulisha majani mengi na kukua upesi. Katika kisiwa cha New Caledonia, Bahari ya Pasifiki, kuna mti mdogo uitwao Amborella ambao una maua lakini hauna mabomba mapana. Mwaka 1999 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ukoo wake uliachana na mimea mingine yote yenye maua mapema sana. Mti huo unaonyesha kwamba maua yanaweza kuwapo bila mabomba hayo.

Lakini bomba pana lina hasara. Maji hayasukumwi kutoka chini. Yanavutwa kutoka juu, majani yanapopoteza maji kwa jua. Kila mwendesha pampu anajua kitu kinachofanyika pampu ikivuta hewa: maji hukatika. Ndivyo ilivyo kwenye mti wakati wa kiangazi kikali, na mabomba mapana ndiyo yenye hatari zaidi. Mwembe ukipoteza mabomba, kambiamu hutengeneza mengine. Mchikichi hauna wa kuutengenezea. Bomba alilopewa tangu utoto sehemu ile ya shina, ndilo la maisha. Kwa hiyo panga linapoingia ndani ya shina, linakata mabomba yasiyo na badala.

6. KESI YA NGAZI ZA PANGA

Sasa tuje kwenye mambo yetu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shamba moja la mwambao huu ambalo jina lake tunaliacha, mwenzetu alipanda mchikichi wa mita 9 hivi kukata mikungu. Shina lilivunjika chini yake, kiasi cha kimo cha mtu. Mti uliangukia makuti ya mchikichi wa jirani, na hilo ndilo lililomwokoa. Alivunjika mguu na nyonga.

Kapita aliandika kwamba mfanyakazi ndiye aliyesababisha: amechonga ngazi kwa panga kwenye shina ili apande upesi, kinyume cha amri, na kwa hiyo hana haki ya kudai. Na kweli, ngazi zilikuwapo. Alama 7 za panga, kila moja ya kutosha kuweka mguu.

Tulikwenda kutazama. Hatukwenda na mwanasheria. Tulikwenda na futi ya fundi seremala. Tuliona mambo matatu.

La kwanza, ngazi zilianzia magotini na kuishia mita 3 juu. Kuanzia hapo hadi makutini, mita 6, hakuna hata moja. Mkwezi gani atachonga ngazi mita 3 za chini, kisha apande mita 6 za juu bila ngazi? Alama kwenye shina haipandi juu mti unaporefuka. Inabaki pale pale ilipochongwa. Basi maana yake ni moja: zilipochongwa, mti wenyewe uliishia karibu na hapo. Kwa mwendo wa sentimita 30 hadi 60 kwa mwaka, mita 6 ni kazi ya miaka 10 hadi 20. Na mwenzetu alikuwa na miaka 4 tu kazini.

La pili, michikichi mingine ya mstari ule ilikuwa na ngazi kama hizo, kwa urefu ule ule. Hiyo haikuwa kazi ya mtu mmoja mwenye haraka. Ilikuwa desturi ya shamba wakati fulani.

La tatu, ndani ya ngazi iliyovunjikia shina palikuwa peusi na palioza, pamejaa matundu ya fukusi. Ubao uliooza hivyo haukukatwa juzi. Mwenye shamba alisema: "Lakini mbona mikato inaonekana wazi namna hii? Ingekuwa ya zamani ingekuwa imejifunga." Tulimpeleka kwenye mwembe ulio mbele ya ghala, tukamwonyesha jeraha la kale lililofumbwa. Kisha tukamrudisha kwenye mchikichi, tukamweleza haya mliyoyasoma hapo juu: huyu ana kambiamu, yule hana. Kwenye mchikichi, mkato wa miaka 15 hauna midomo inayosogeleana.

Hatutaki kudanganya kwamba tulipata yote. Barua ya kapita iliondolewa, na matibabu yalilipwa. Siku zote ambazo mwenzetu hakufanya kazi hazikulipwa kamili, na mpaka leo anachechemea. Lakini hakufukuzwa kazi, na neno "uzembe" halikubaki juu ya jina lake. Tangu siku hiyo kwenye shamba lile imekatazwa mtu yeyote, awe kapita au kibarua, kuchonga ngazi kwenye shina.

7. YA KUFANYA KAZINI

Michikichi mingi ya Rumonge imezeeka na kurefuka. Kwa kawaida mchikichi wa shamba huhesabiwa kuwa umemaliza kazi ukifika miaka 25 hivi, kwa sababu ya urefu. Anayepanda mti uliopita umri huo anapanda hatari. Kwa hiyo tunawaomba wenzetu wote wayashike haya:

(a) Usichonge ngazi, hata moja. Tumia kamba ya kupandia, na uikague kila asubuhi. Kuchonga kunakata sehemu yenye nguvu, kunakata mabomba yasiyo na badala, na kunamfungulia mlango fukusi anayetaga kwenye majeraha ya mchikichi.

(b) Kabla ya kupanda, uzunguke mti. Tazama mikato ya zamani, palipooza, na uyoga mgumu uliojitokeza kama rafu kwenye kitako. Uyoga huo ni dalili kwamba ndani kumeliwa. Piga shina kwa mgongo wa panga. Likilia kama ngoma, usipande. Lakini likilia vizuri, usiache bado kutazama.

(c) Mti wenye dalili hizo utiwe alama na kapita aandike. Mfanyakazi anayekataa kupanda mti uliotiwa alama asihesabiwe kuwa amegoma. Hili tulidai katika kila shamba.

(d) Usipogoe kupita kiasi. Mchikichi uliokomaa unatakiwa kubaki na makuti 32 hadi 40. Ukilazimishwa kukata zaidi ili hesabu ya siku itimie, jua kwamba mikungu ya mwakani inapungua, na mwaka huo utalaumiwa wewe.

(e) Usiuguse moyo, na usiruhusu mgeni wa kazi apande bila kuonyeshwa moyo uko wapi. Mbuni na mchai husamehe kosa la panga. Mchikichi hausamehi.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Msomaji mmoja awasomee wenzake kwa sauti, kisha mjadili:

1. Kata bua la mhindi, mti wa muhogo na kijiti cha mparachichi. Kipi ni cha koo ya mchikichi, na umejuaje?

2. Mtu amefunga waya kuzunguka shina la mwembe mchanga, na mwingine amefunga waya kuzunguka shina la mchikichi mrefu. Baada ya miaka 10, upi utakabwa na waya, na kwa nini?

3. Kwa nini mbuni uliokatwa chini huchipua, na mchikichi uliokatwa chini hufa?

4. Shambani kwenu kuna michikichi mingapi yenye ngazi za panga? Zinaishia urefu gani? Zihesabuni, mwandike, na mkabidhi orodha kwa mjumbe wa chama kabla ya msimu wa mikungu mingi.

Swali la 4 ndilo tunalolitaka zaidi majibu yake. Yule ndugu aliyeuliza kuhusu mwembe wake ameanza tayari: katika mistari miwili ya kwanza amehesabu michikichi 11.